Trekta Aliloliacha Bwanaheri

Watu wa Quionga, ng'ambo ya kusini ya Ruvuma, walipoanza kurudi makwao baada ya ile miaka ya kukimbia vita, kila mtu alikwenda kwanza kutazama kilichokuwa kikimuuma. Wenye nyumba walikwenda kutazama kuta. Wenye minazi walikwenda kutazama vichwa vya minazi yao. Waliozika walikwenda makaburini. Haula binti Ussene aliteremsha mzigo wake barazani kwa jirani, akafunga leso kiunoni, akaingia kwenye kichaka cha mikorosho nyuma ya mji. Mkono wa kushoto ulitenga matawi. Wa kulia aliukunja kifuani, kwa sababu ulivunjika siku ya kukimbia, ukaunga vibaya, na tangu hapo haukupanda juu ya bega.

Alilikuta. Makuti yaliyolifunika yalikuwa yameoza na kugeuka udongo. Mitambaazi ilikuwa imepanda hadi kwenye usukani, na kanga wa porini walikuwa wametaga chini ya kiti. Lakini trekta lilikuwepo, limekaa juu ya magogo kama mumewe alivyoliacha, wekundu wake umepauka, matairi yamepasuka kama nyayo za mtembea peku. Haula alipitisha kidole kwenye ubavu wa injini, akakitazama. Hakikutoka na kutu.

"Alhamdulillahi," alisema, akaketi hapo hapo juu ya majani, akalia kidogo, kilio cha mtu aliyekuta amana yake salama.

Trekta hilo lilikuwa la koperativa, ushirika wa wakulima wa zamani, na Bwanaheri, marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa dereva. Koperativa ilipokufa, mwenye ofisi alikwenda zake, mwenye funguo alikwenda zake, likabaki banda na trekta ndani yake, halina wa kulililia ila Bwanaheri. Akalishughulikia mwaka hadi mwaka, leo amefunga waya, kesho ameomba ringi za pistoni kwa Wahindi wa Mtwara, mpaka watu wakasahau koperativa na kusema trekta la Bwanaheri. Lililima bonde lote la mpunga. Lilibeba nazi, mawe ya msikiti na vyombo vya maharusi. Mara moja lilimbeba mwanamke mwenye uchungu hadi zahanati, naye akajifungulia njiani, juu ya tela. Haula alikuwa hakosekani. Alikaa juu ya bawa la gurudumu la nyuma, mguu mmoja ukining'inia, na kazi yake ilikuwa grisi, maji, na kukung'uta kichujio cha hewa kila jioni.

Sasa, baba yake Bwanaheri alikuwa fundi wa mashua. Mashua ikipandishwa nchi kavu ili ipumzike, hukalishwa juu ya magogo na kupakwa sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo harufu yake humtangulia mbebaji. Sifa hukauka juu ya ubao ikawa ngozi. Maji hayapiti, wala wadudu hawatoboi. Bwanaheri alikua akilijua jambo hilo kama alivyolijua jina lake. Kwa hiyo habari za vijiji kuchomwa zilipozidi kusogea, alinunua madebe ya sifa kwa mume wa Somoe, jirani yao, akaanza kulilaza trekta. Alilipaka nje, chuma kwa chuma. Kisha akalifungua na ndani. Akaitia sifa kwenye tangi, akaitia kwenye bomba la dizeli, akaitia kwenye silinda kwa matundu ya nozeli, zile pua za kupulizia dizeli, huku akiizungusha injini polepole ili kila pembe ipate. Haula alikuwa akiichuja kwa leso yake mpya, asije mumewe akaingiza uchafu ndani ya kitu alichokipenda.

Walikimbia baadaye. Walifika Metuge, kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya maturubai, na huko tumbo likamshika Bwanaheri na halikumwachia. Siku za mwisho hakuzungumza sana. Alichosema, Haula alikibeba kutoka Metuge hadi Quionga kama mtu anavyobeba kaa la moto ndani ya kifuu: "Nimeliweka vizuri. Ukirudi, tia dizeli tu. Litawaka."

Na lilihitajika liwake, tena upesi. Haula alikuwa na shamba la mpunga bondeni, alilolirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake. Kwa miaka waliyokuwa hawapo, matete yalikuwa yameliteka, na udongo wa bonde ni mweusi, mzito, ukikauka ni tofali. Mwenye mikono miwili angetoka jasho hapo. Mwenye mmoja angetoka machozi. Vijana wa kukodi hawakuwepo. Kila alfajiri walikwenda Afungi, kwenye mradi wa gesi, kusimama nje ya uzio wakingoja majina ya vibarua yasomwe. Wakati huo huo familia zilizokimbia kijiji chao cha Nhica zilikuwa zimefika na watoto wao na masufuria yao, hazina pa kupanda hata mche.

Kaka yake, Faquir, alikuwa miongoni mwa wazee wanaogawa bonde. Alikuja kumwona asubuhi moja, akakaa kwenye ukingo wa mkeka kama mgeni.

"Dada, mimi siwezi kusimama mbele ya watu nikasema shamba la dada yangu lilale, na watoto wa wenzetu wanalala njaa."

"Shamba la mama yetu, Faquir."

"La mama yetu, naam. Lakini mama yetu alilima. Kawaida ya bonde unaijua: maji yakikuta majani, shamba halina mwenyewe."

"Na huu mkono unauona?"

"Nauona. Ndiyo maana nasema nenda Mtwara kwa Umi, ukakae na mwanao. Umeshalima vya kutosha."

"Nikakae nifanye nini? Nimtazame mkwe wangu akitazama mpira?"

Faquir alicheka bila kutaka. Kisha akajipangusa uso kwa kofia, na kicheko kikaisha. "Mpaka mvua ya kupandia," alisema. "Kupita hapo sina ubavu."

Haula alimsindikiza hadi njiani. Alikwisha kuamua. Trekta likilima shamba lake, litalima na ya wengine, watu watalipa mpunga kama zamani, naye atakufa akiwa mtu wa Quionga. Lisipolima, atakuwa bibi wa chumba cha nyuma nyumbani kwa mtu, Mtwara.

Fundi aliyempata alikuwa Abdulswamad, kijana wa Palma ambaye babu yake alivuka Ruvuma kuja na bidhaa na hakurudi tena kwao. Alikuwa amefanya kazi ndani ya uzio wa Afungi, kwenye jenereta, mpaka mkataba ukaisha. Mama yake naye alikuwa na kipande bondeni, na makubaliano yakawa hayo: afufue trekta, nalo limlimie mama yake kabla ya watu wote, baada ya Haula.

Abdulswamad alilizunguka trekta akiligonga kwa spana, akitabasamu. Vijana wawili watatu waliorudi bure kutoka Afungi walikuwa wameketi juu ya tela wakitazama.

"Bi Haula, hili limetunzwa! Nimeona magari ya serikali yamelala mwaka mmoja tu, yameliwa mpaka vitasa. Hili nje kama la jana."

"Mume wangu alikuwa na mkono."

"Alikuwa nao, wallahi."

Akafungua mrija mwembamba unaotoka kwenye tangi. Hakikutoka kitu. Akapuliza, pumzi haikupita. Akachokoa kwa waya, na waya ukarudi umevaa utepe wa njano, mzito, unaovutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Aliunusa. Akaunusa tena, akageuka polepole.

"Mbona trekta linanuka samaki wa ng'onda?"

Vijana waliangua kicheko. Haula hakucheka. Harufu ile ilimfikia, naye akaijua kabla fundi hajafungua kitu kingine.

Abdulswamad alifungua kimoja kimoja. Nozeli zilikuwa zimezibwa. Pistoni zilikuwa zimeganda mahali pake. Bomba la dizeli, ile pampu iliyo moyo wa trekta, lilipofunguliwa kifuniko lilionekana limejaa kitu kigumu cha rangi ya asali.

"Hii ni sifa," alisema. "Bi Haula, sifa juu ya ubao ni dawa. Lakini kazi yake ni kukauka. Humu ndani kuna vijiti vya chuma vinavyopishana na kuta zake bila nafasi hata ya unywele. Ikikauka humu ni gundi. Oili chafu tu ingetosha! Hata lingeachwa hivi hivi likapata kutu, kutu tungeisugua." Akatupa waya chini. "Nani aliyefanya hivi?"

Vijana juu ya tela walikuwa wamenyoosha shingo. Wote walimjua Bwanaheri. Mmoja wao ndiye aliyezaliwa juu ya tela lile lile.

"Mimi," Haula alisema.

"Wewe?"

"Mwenyewe alikuwa amekwenda kututafutia chombo cha kutuvusha. Aliniambia nipake nje. Mimi nikaona, kama nje ni dawa, ndani si itakuwa dawa zaidi?"

Uongo ulitoka laini, kama uliokuwa umechujwa. Abdulswamad alimtazama kidogo, akainama kuokota waya wake.

Kufika adhuhuri mji mzima ulikuwa na habari. Haula alipopita kisimani, wanawake walipisha njia kwa heshima ya mzaha.

"Bi Haula, tanga tunalitweka lini?"

"Niacheni mimi."

"Likivuja usisahau kuliziba kwa pamba!"

"Na ndoo ya kufua maji yakiingia uweke karibu na usukani!"

Alicheka nao kidogo, kwa sababu asiyecheka na wacheshi huchekwa mara mbili, akajitwisha maji yake akaenda. Somoe alimfuata hadi nyumbani, amekunja uso. Huyu ndiye ambaye mumewe alikuwa akivua papa.

"Shoga, yale madebe nilipima mimi. Aliyekuja kuyachukua nilimwona kwa macho yangu, na hakuwa amevaa leso. Mbona unabeba mzigo usio wako?"

"Yeye hayupo kujibu."

"Na wewe umejibu nini? Umewafanya wakuone huna akili."

"Kwani zamani waliniona ninazo?"

Somoe alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaacha ghafla, akaketi, na wote wawili wakawa wanatazama ua ulio mtupu.

Lakini moyoni Haula hakuwa mpole kama maneno yake. Alipokuwa akinawa mikono, na harufu ikikataa kutoka, hasira ilimpanda. Nimeliweka vizuri! Vizuri gani? Alitaka kumuuliza. Alitaka amwone amesimama mlangoni akikuna kichwa, aseme, "Aa, mke wangu, sikujua." Ugomvi na maiti hauna mwisho, kwa kuwa mmoja wao hasemi. Na hata asingekuwa maiti, nani alichuja? Alikumbuka leso ilivyolowa, yeye akiikamua mpaka tone la mwisho, akifurahi kwamba mafuta ni safi.

Kazi ikaanza hata hivyo. Abdulswamad alisema mafuta ya taa hayaiwezi sifa iliyokauka, ila maji ya moto yenye magadi, na subira. Wakaweka pipa kwenye mafiga nje ya kichaka. Haula alichochea kuni, akatupa magadi, akakoroga kwa mti wa mwiko wa harusi. Nozeli zilichemshwa kama mihogo. Tangi lilijazwa maji yale pamoja na changarawe, likazungushwa na kutikiswa, likamwagwa, likajazwa tena. Kilichotoka kilikuwa magamba ya njano, manene kama ya chewa. Pistoni zililoweshwa, zikapigwa polepole kwa kipande cha mti, mpaka asubuhi moja injini ikazunguka robo, ikarudi, ikazunguka nusu, na Abdulswamad akapiga ukelele kama aliyeona mwezi wa Idi.

Dizeli ilipatikana kwa taabu. Askari wa vizuizini hawakupenda kuona dumu. "Gasóleo ya nini, mama?" waliuliza, wakiitaja dizeli kwa Kireno, na jibu la trekta liliwachekesha. Basi ilikuja kidogo kidogo, na kila aliyetoka Palma aliyekubali kusumbuliwa. Tairi moja la mbele halikuwa na tumaini la kushika upepo. Wakalishindilia makumbi ya nazi mpaka likasimama.

Bomba la dizeli ndilo lililobaki. Abdulswamad alitandika shuka safi chini ya kivuli, akakataza mtu yeyote asipite na vumbi. Alivitoa vile vijiti kimoja kimoja, vyembamba kama vidole vya mtoto mchanga, akaviosha, akavipaka dizeli, akavirudisha kila kimoja kwenye tundu lake. Cha mwisho kilikataa. Alikichemsha, alikisemesha, alikipumzisha, na bado kilikataa.

"Nikikigonga, nitavunja na nyumba yake," alisema. "Nakiacha. Litakwenda kwa silinda tatu."

"Litalima?"

"Litalima likichechemea. Lakini, Bi Haula, tangi sijaliridhia. Ndani kwenye kona bado kuna ngozi. Na kichujio cha dizeli kimekwisha, kipya sijakipata. Nipe muda nilichemshe tena tangi, nimtume mtu Mtwara akaulizie kichujio."

Haula alitazama kusini. Mawingu yalikuwa yamejipanga huko tangu jana, chini meusi, juu meupe, na upepo ulikuwa umeanza kunukia udongo uliolowa wa mbali.

"Yale unayaona?"

"Nayaona."

"Mtu wako atarudi lini kutoka Mtwara?"

Abdulswamad aliipangusa spana yake. Alijua naye kwamba Ruvuma ukijaa hakuna anayerudi siku anayotaka.

"Tia kitambaa badala ya kichujio," Haula alisema. "Tuwashe."

Betri haikuwepo ya kuwasha. Ikabidi trekta lisukumwe kuteremka kutoka kwenye mikorosho hadi barabarani, na wale wale waliouliza habari za tanga ndio waliokuja kulisukuma. Walifunga kamba mbele, wakajipanga kama wanaoteremsha mashua majini, mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakaitikia. Trekta lilisogea, likapata mteremko, likazidi. Abdulswamad akaachia klachi. Lilipiga chafya. Lilipiga nyingine. Kisha likanguruma, likatoa moshi mweusi uliofunika watu wote, wenye harufu ya papa wa kukaanga.

"Leteni ugali!" mtu alipiga kelele ndani ya moshi.

Vigelegele vilipasua mji. Somoe alicheza peke yake katikati ya barabara. Haula hakucheza. Alipanda juu ya bawa la gurudumu, akakaa mahali pake pa miaka yote, mguu mmoja ukining'inia, na mtetemo ukampanda kutoka kwenye chuma hadi kwenye meno.

Bondeni waliteremsha plau, lile jembe la nyuma ya trekta. Ilisita juu ya matete, ikaingia, na udongo ukaanza kugeuka, mweusi, unaong'aa, ukilala ubavu mmoja kama samaki mkubwa anayejigeuza. Mstari wa kwanza ulifika mwisho wa shamba. Wakageuka. Yangeyange walikuwa tayari nyuma yao, wakidonoa. Trekta lilichechemea kweli, lakini lilikwenda, na kila waliporudi upande wa juu, walikuta wanawake wengine wamekuja kusimama kwenye ukingo.

"Kesho kwangu!" Somoe aliita.

"Kwa mama yangu kwanza!" Abdulswamad alimjibu kwa kelele. "Kisimani mlitucheka!"

"Nilikuwa nikikuombea dua, mwanangu!"

Haula aliwasikia akacheka. Kwa kipande hicho cha asubuhi hakuwa mjane, wala mkono wake haukuwa na kasoro, kwa kuwa hapakuwa na aliyeuhitaji. Alikuwa akiangalia mbele, akikisia kwa macho: hapa mpaka kwenye ule mfereji, kisha kule, na jua likifika utosini itakuwa nusu.

Ndipo sauti ya injini ikapanda. Ilipanda bila Abdulswamad kugusa kitu. Alitazama chini, akarudisha mkono wa mafuta nyuma kabisa, na sauti ikazidi. Akavuta kizimio. Kikaja mkononi mwake chepesi, hakikuzima. Trekta lilianza kukimbia na plau yake, moshi ukitoka kama bomba la meli, injini ikilia kwa sauti ambayo Haula hakuwahi kuisikia kwa miaka yote, sauti ya mnyama.

"Haizimi! Ruka, Bi Haula! Ruka!"

Hakuruka. Alijua injini inapopumulia. Alikuwa amekisafisha kichujio kile cha hewa maelfu ya jioni. Aliikwapua leso mabegani, akajinyoosha mbele, akaisokomeza kwenye mdomo wa hewa kwa mkono wake mzima. Injini iliivuta leso, ikakohoa, ikapungua. Lakini kabla haijanyamaza ulisikika mshindo mmoja, mzito, kama nyundo iliyopigwa kutoka ndani. Kisha kimya. Yangeyange waliruka wote kwa pamoja, na baada ya kitambo wakatua tena.

Abdulswamad alilala chini ya trekta kwa muda mrefu. Oili ilikuwa ikichuruzika kwenye mfereji uliokwisha kulimwa, nyeusi juu ya nyeusi. Alipotoka alikuwa na uso wa mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Sema tu," Haula alisema.

"Ile ngozi ya kwenye tangi. Dizeli imeibandua, ikapita kitambaa, ikaingia bombani, ikakamata reki ya mafuta, ile fimbo inayopima dizeli. Imekwama ikiwa wazi. Injini ikajilisha mpaka ikapasuka. Mkono wa pistoni umetoboa ubavu, mtu anaingiza ngumi."

"Haishonwi?"

"Haishonwi. Si hapa, si Palma, si Mtwara."

"Hata kwa msimu huu mmoja?"

"Hata kwa siku moja, Bi Haula." Alijifuta macho kwa kiwiko, akabaki na doa la oili shavuni. "Bora ningekataa kuwasha."

"Ungekataa, ningekuchukia mpaka kufa kwangu," alisema Haula. "Nenda ukamwambie mama yako asitusubiri."

Wanawake wa ukingoni walianza kuondoka, mmoja mmoja, bila mzaha. Haula angependa wamtanie. Somoe peke yake alibaki, akashuka bondeni, akaanza kung'oa matete kwa mikono karibu na gurudumu, akang'oa mafungu machache, akaacha.

Mvua ilifika kabla ya Ijumaa, ikanyesha kwa haki, kama iliyokuwa imewekewa miadi. Ilipotulia, Faquir alikuja bondeni na wazee wengine, na kamba, na vigingi vya mikandaa. Haula alikuwa amesimama kwenye sehemu iliyolimwa, matope hadi vifundoni.

"Kilicholimwa ni chako," Faquir alisema. "Hakuna atakayekugusa hapo. Nimelisema hilo mbele ya wote."

"Na kilichobaki?"

Alitazama matete, ambayo maji sasa yalikuwa yakiyazunguka mashina. "Dada," alisema. Wote wawili waliiona kawaida ya bonde imesimama pale kati yao, nayo haikuwa na kosa lolote.

Haula aliipanda ile mistari yake. Ilikuwa michache, upande wa juu, ambako maji hukawia kufika na huwahi kuondoka. Umi alipiga simu kutoka Mtwara.

"Mama, chumba nimekifagia. Njoo."

"Nikishavuna."

"Utavuna nini, mama?"

Haula alihamishia simu sikio la pili.

"Nitakuja nikishavuna," Haula alirudia. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuitwa Mtwara hakusema "labda", na mwanawe, aliyelitambua hilo, hakumbana zaidi.

Sehemu iliyobaki walipewa watu wa Nhica. Mwanamke aliyekuja kuilima aliitwa Zuleica, kijana, mtoto mgongoni, mume wake bado anangoja jina lake Afungi. Siku ya kwanza alisimama mbali na jembe lake, akilitazama trekta lililozama katikati ya shamba hadi kwenye ekseli, kisha akamkaribia Haula, akapiga goti kidogo kama walivyomfundisha kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Samahani, mama. Wameniambia lile dude la chuma ni lako. Utaliondoa lini? Nilitaka nilime pale palipoinuka."

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza habari za mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi cha mwenzake. Haula alijipangusa matope ya mkononi.

"Siwezi kuliondoa," alisema. "Lizunguke."

"Nilizunguke tu?"

"Ulizunguke."

Zuleica aliitikia kwa kichwa. Alimrekebisha mtoto mgongoni, akashuka, akaanza kukata matete upande wa mashariki, kwenye ile pembe iliyoonekana nyepesi, isiyo na majani mengi. Haula alimwangalia. Alikuwa na haki ya kunyamaza. Hakuna mzee aliyemgawia kazi ya kufundisha. Pembe ile ilikuwa nyepesi kwa sababu ina chumvi. Maji ya bahari huipanda mwezi mpevu kwa njia ya chini. Mama yake alipoteza mbegu hapo mwaka mzima kabla ya kujua, na Haula aliambiwa na mama yake, na Umi hakupata kuambiwa.

"Wee Zuleica!" aliita. "Si hapo! Hapo pana chumvi, haioti kitu!"

Yule mwanamke alijinyoosha, akaweka mkono juu ya macho. "Wapi basi, mama?"

Haula aliacha mbegu zake kwenye ungo, akatembea juu ya udongo uliolimwa hadi mwisho wake, akasimama hapo kwenye mpaka wa kamba. Akamwashiria asogee kulia, kuelekea mfereji. Zaidi. Apite lile gurudumu. Zaidi kidogo.

"Hapo," alisema. "Anzia hapo."

Zuleica akainua jembe.